Dawa Niliyoongeza

Adhiambo mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Oyugis kumuaga dani yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kubebeshwa njugu. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimefunga karakana, nimewaambia wateja fundi ni mgonjwa leo, na kama kuna mtu ana mashua inayovuja basi aendelee kukumba maji mpaka kesho kutwa.

Sitakuandikia habari za sweta. Shangazi yako Risper ameshakununulia tatu, na wiki nzima amekuonyesha jinsi ya kupanga sanduku kana kwamba Ujerumani hakuna maduka. Mambo ya kula, kulala na kusali nilikufundisha ulipokuwa mdogo. Kama hayakuingia wakati ule, karatasi hii haitayaingiza.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Linahusu mashua ya Bwana Hamisi, ile iliyofunguka ziwani ulipokuwa darasa la pili, ile uliyoiandikia insha iliyokupatia nafasi ya kwenda kusoma huko. Uliyoyaandika si ya kweli, na aliyekudanganya ni mimi. Nimeona niliseme hapa juu kabisa, kwa sababu najijua, nikilisogeza chini nitalisogeza mpaka karatasi iishe.

Sasa nivumilie nianze mbali kidogo. Mimi si mtu wa kuandika.

Kabla hujazaliwa nilikuwa na cherehani Migori, kwenye baraza ya duka la vitambaa, nikishona sare za shule. Siku moja akaja mwanamume mwembamba na bunda la kitambaa cheupe kizito, akaniuliza kama mkasi wangu unaweza kukikata, kwa sababu wa kwake umegeuka kijiko. Nikakishika. Nikamwuliza ni kitambaa cha nini.

"Si ya kuvaa, madam," akasema. "Hiyo ni kioo."

Nikacheka, nikamwambia aende akatafute mjinga mwingine. Lakini nilikikata, nikakikata vizuri, na jioni mikono ikaniwasha mpaka mabegani. Kesho yake akarudi na bunda la pili. Huyo alikuwa Okech. Ndiye aliyeniingiza kwenye kazi ya faiba, kazi iliyokulisha, ikakusomesha, na ikakupa huo wazimu wako wa kemia. Aliniambia kioo peke yake ni kitambaa tu, na resini, ile gundi ya majimaji, ikikauka peke yake huvunjika kama pipi, lakini ukivishikanisha unapata kitu cha kubeba watu. Alinifundisha kutandika mati, hicho kitambaa cha kioo, kwenye kalibu, kuilowesha resini kwa brashi, na kusukuma hewa itoke kwa rola bila haraka. Nilimwita Japuonj, mwalimu, ingawa alinizidi miaka mitatu tu. Alikuwa akiona aibu nikimwita hivyo mbele ya watu, nami nilifanya kusudi.

Nilipoolewa huku Homa Bay, baba yako akatukubalia tuweke karakana kwenye kiwanja chake karibu na ufuo. Tukaanza na matangi ya maji, tukaja kwenye mashua. Ukazaliwa wewe.

Kuna kosa dogo nitalitaja kwanza kwa sababu ni jepesi. Ulipoanza kutembea ulikuwa ukinikimbilia kila nikirudi kutoka kazini, na mimi nilikufokea, "Rudi huko! Usiniguse!" Ulikuwa unasimama katikati ya uwanja, mdomo umeupindisha, unatazama nikipita kwenda kuoga. Nguo zangu zilikuwa zimejaa nyuzi za kioo. Siku moja nilikubeba bila kuoga, ukajikuna usiku mzima mpaka shingo ikatoka damu. Tangu hapo nikawa mkali. Lakini sikukueleza. Nilidhani mtoto ataelewa mwenyewe, na nilipokuja kugundua kwamba hukuelewa ulikuwa tayari umeacha kunikimbilia. Unisamehe hilo. Nilitamani kukubeba kila jioni.

Sasa neno lenyewe.

Unajua karakana zote za huku, kuanzia Muhuru mpaka Kisumu, kile kitu cha kukaushia resini tunakiita dawa. Resini ile ya zamani inakaa kwenye pipa kama asali, miezi na miezi haigandi. Ukiitia dawa kidogo, inashika. Sisi tulipima kwa kizibo cha soda: kizibo kimoja kwa kopo siku ya jua, kizibo na nusu siku ya mvua. Kukiwa na baridi unaongeza dawa, kukiwa na joto unapunguza. Mkono wangu ulijua bila kuuliza kichwa. Na neno lenyewe lilitufundisha hivyo, kwa sababu mgonjwa akizidiwa unafanya nini? Unaongeza dawa. Hakuna siku niliyowahi kukaa nikajiuliza kama jina hilo ni sahihi.

Baba yako alikuwa ametimiza mwaka mmoja kaburini Bwana Hamisi alipotuletea kazi yake. Unamkumbuka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, yule mtu wa Mombasa mwenye sauti ya taratibu. Alitaka mashua ya kupeleka bidhaa visiwani na kurudi na abiria. Tulikuwa tunaijenga vipande viwili, ubavu wa kulia na wa kushoto, halafu tunaviunganisha chini kwa matabaka ya mati. Yeye akasema kiungo hicho cha chini asingependa kifanywe kwa resini yetu ya kawaida. Akaleta madebe mawili, kubwa na dogo.

"Hii ni epoksi, mama," akaniambia. "Yashika kuliko hiyo yenu. Lakini someni maandishi, tafadhali."

Okech akasoma. Mimi sikusoma. Nilikuwa mwenye karakana sasa, mjane mwenye kiwanja, na watu walikuwa wakipita kutazama kama mwanamke ataweza. Okech akaniletea kile kikaratasi, amekikunja vizuri, akaniita mama Adhis kwa Kijaluo kama kawaida yake, akasema, "Min Adhis, hii inasema two to one. Debe kubwa mbili, debe ndogo moja. Haipimwi na kizibo. Na usiongeze, usipunguze, hata kukiwa na baridi. Hii si dawa. Hii ni kama nusu ya kitu yenyewe."

Nusu ya kitu chenyewe. Wewe umekaa chuoni miaka minne ndipo ukanieleza kwa michoro kile alichokisema yeye kwa maneno manne akiwa amevaa gunia kiunoni. Ile ya zamani, dawa inawasha tu kazi, resini inajishikanisha yenyewe. Hii ya epoksi, vile viwili vinashikana mkono kwa mkono, na kila mkono unatafuta mwenzake. Ukizidisha upande mmoja, mikono mingine inabaki mitupu milele.

Nilielewa? Nilimwambia, "Japuonj, mimi nimetia dawa miaka kumi."

Tulikuwa na kanuni moja pale karakana, aliyeiweka ni yeye. Anayechanganya ndiye mwenye mashua. Haijalishi nani alikata mati au nani alipiga rola. Ikivuja, tunamwuliza aliyechanganya. Kwa hiyo kwa kawaida alichanganya Okech, maana alikuwa makini kuliko mimi na hakuona haya kupima mara mbili.

Siku ya kiungo kile alikuwa ameenda kliniki na mke wake. Mvua za masika zilikuwa zimekaza, baridi imetanda ziwani, na Bwana Hamisi alitaka mashua Alhamisi. Nikachanganya mwenyewe. Nilianza kwa kipimo, mbili kwa moja, kweli. Nikatandika tabaka la kwanza, nikasubiri. Halikushika. Nikasubiri tena, nikaligusa kwa kidole, bado linavuta. Ndipo mkono wangu ukafanya ulichozoea. Kwenye ndoo zilizofuata nikaongeza dawa ya debe dogo. Sikuongeza kwa kizibo, Adhiambo, niliongeza kwa kikombe. Ndoo ya mwisho ikapata moto mpaka ikafuka moshi, nami nikafurahi, nikajisemea, ndiyo hiyo, sasa inafanya kazi.

Okech aliporudi asubuhi alikuta ndoo ile. Akabonyeza masalio ya ndani kwa ukucha, ukucha ukazama. Akaja akabonyeza na kiungo chenyewe. Juu kilikuwa kigumu kiasi, kinateleza kidogo kama sahani isiyooshwa vizuri.

"Hii haijakauka," akasema.

"Imekauka juu, itakauka ndani. Ipe jua."

"Ooyo, hapana. Hii haitakauka kamwe. Tuitoe tuanze upya."

Nikamwambia kama anataka kuanza upya akaanze kwenye karakana yake. Halafu nikachukua rangi nikapaka. Nilipaka mimi, kwa haraka, mara mbili, rangi ya buluu. Rangi inaficha mambo mengi na mafundi wote tunajua. Kama kuna kitu kimoja kutoka kazini kwangu ningependa ukibebe, ni hicho: siku utakapojikuta una haraka ya kupaka rangi, weka brashi chini uende ukanywe chai.

Mashua ilikaa majini wiki saba. Siku iliyofunguka ilikuwa siku ya jua kali. Kiungo kikalainika, ubavu mmoja ukaanza kuachana na mwenzake. Ndani walikuwamo nahodha na wanawake wawili wa kuuza omena. Wavuvi waliokuwa karibu wakawatoa wote wakiwa hai. Mmoja wa wanawake wale, Philista, walimshika kwa nywele. Mpaka leo hajapanda tena chombo cha majini, na biashara yake ya visiwani ikaishia hapo. Kila Sabato nakaa benchi mbili nyuma yake. Kwa miaka kumi na minne nimeimba nyimbo nikitazama kisogo cha Philista.

Kamati ya ufuo ikatuita. Tulisimama pale penye mizani ya samaki, watu wengi, mashua imevutwa nchi kavu tumbo wazi. Mwenyekiti aliijua kanuni yetu, kila mtu aliijua. Akauliza, "Nani alichanganya?"

Nikasema, "Kuchanganya ni kazi ya Okech."

Tazama nilivyolisema. Sikusema Okech alichanganya. Nilisema ni kazi yake, na siku nyingine zote hilo lilikuwa kweli. Nililikata neno kama ninavyokata kitambaa, nikiacha upindo wa kujifichia. Nilimwogopa Bwana Hamisi, niliogopa kunyang'anywa kiwanja, niliogopa wale waliokuja kutazama kama mwanamke ataweza. Nilikuogopea wewe. Lakini nisikuweke mbele kama ngao. Zaidi ya yote niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa.

Okech alinitazama. Akavua kofia, akaikung'uta kwenye goti, akaivaa tena. Akamwambia mwenyekiti, "Sawa." Hilo tu. Nilingoja aseme zaidi, na nadhani kama angesema ningekubali. Hilo ndilo nililojiambia miaka yote, kwamba angesema ningekubali. Sijui kama ni kweli.

Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mizani na sare ya shule. Ulisikia.

Resini ikimwagika sakafuni, dakika za mwanzo unaifuta kwa kitambaa na sabuni. Baadaye unahitaji patasi. Uongo wangu ningeweza kuufuta jioni ile ile kwa kutembea hatua mia mbili mpaka kwa Okech. Sikutembea. Wiki haikuisha, hakuna aliyemtaka tena kwenye ufuo wote huu. Akahamisha mke na watoto, akaenda Awendo. Huko anaziba faiba za malori ya miwa, bampa na vichwa vya trekta, vitu ambavyo vikipasuka hakuna anayezama.

Mashua yenyewe tulishindwa kuitupa. Tulijaribu kuichoma, ikatoa moshi mweusi mpaka majirani wakaja juu, na moto ulipozima kile kioo kilikuwa bado kipo, kimekaa kama shuka chafu. Huwezi kuiyeyusha, huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Nikaajiri watu wakachimba shimo nyuma ya karakana. Kile kichuguu ulichokuwa ukikipanda ukicheza, ukaniuliza ni cha nini, nami nikasema ni mchanga uliobaki wa ujenzi, ni mashua ya Bwana Hamisi.

Sasa uone Disemba iliyopita ulivyoniua bila kujua.

Ulirudi kutoka chuoni na kile kipande kidogo cha faiba, ukubwa wa biskuti, ukaniomba sufuria niliyoichoka. Ukamimina siki, ukaweka jikoni. Mimi nikakucheka. Nikakuambia unapika supu ya mashua, nikakuuliza kama niandae na ugali. Saa nzima hakuna kitu. Ukawa unachungulia, unapima moto kwa kile kipimajoto chako, umekunja uso vile baba yako alivyokuwa akikunja. Kisha ukatumbukiza kijiko, ukainua, na kwenye kijiko kulikuwa na kitambaa. Cheupe, kimelowa, mfumo wake umekaa sawasawa, hakuna uzi uliokatika. Nimekata kitambaa kile maisha yangu yote. Ningeweza kukitia kwenye kalibu siku ile ile.

Nikakuuliza, imewezekanaje?

"Siri iko kwa dawa, mum," ukasema. Ulitumia neno letu. "Si ile epoksi yenyewe. Hii dawa imetengenezwa na kiungo ndani yake. Ukiipea acid na moto kidogo, inaachilia. Resini inatoka, unaiuza tena kama plastiki. Kioo unabaki nayo. Imagine mashua yote imezeeka hapa ufuoni, hakuna kuzika, hakuna kuchoma."

Nikatoka nje. Ulinifuata ukanikuta nalia, ukanikumbatia, ukasema, "Mum, ni kemia tu." Ulidhani ni furaha. Furaha ilikuwamo, sitakudanganya tena. Nilikuonea fahari kubwa. Lakini nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kile kichuguu.

Na usidhani nimeona sufuria ile nikajiambia basi kila kitu kinaweza kurudishwa kilivyokuwa. Kipande chako kilitengenezwa tangu mwanzo ili kiachilie. Miaka ya Okech haikutengenezwa hivyo. Hiyo hairudi.

Kisha wale wa Ujerumani wakakuomba insha, ueleze kwa nini unataka kwenda kujifunza resini hizi. Ukaja ukanisomea jikoni, sentensi ya Kiingereza kisha unanitafsiria hivi: Mama yangu alimwamini fundi mzembe. Fundi akachanganya vibaya, watu wakakaribia kufa, na karakana ya mama ikakaribia kufungwa. Siku hiyo niliamua kujua kila kitu kuhusu kuchanganya. Ukamaliza. Ukaniuliza, "Iko aje?"

Nikasema, "Nzuri."

Kosa la ufuoni nililifanya kwa hofu. Hili nililifanya nikiwa nimekaa, nimeshiba, nina mwiko mkononi. Kwangu mimi hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuogopa isipokuwa wewe.

Jumatatu iliyopita ukaniambia wale wa huko wameipenda mno, wanataka uisome siku ya kwanza mbele ya wenzako wote na waichape kwenye jarida lao. Ukaniuliza kama unaweza kutaja jina la Okech au uliache. Nikakuambia nitafikiria. Alhamisi nikasema naenda Migori kununua mati. Mati ninayo ya kutosha. Nilienda Awendo.

Nilimkuta chini ya bodi ya lori, anapiga msasa, nywele nyeupe kwa vumbi au kwa umri, sikujua. Nilimwita Japuonj. Hakugeuka. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikayasema haraka, kama mtu anayekariri. Msasa haukusimama. Nilipomaliza akatoka, akajifuta uso.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwepo. Ile ndoo niliosha mimi."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Min Adhis, nilikukasirikia mpaka nikaugua. Siku hizi nimechoka kukasirika, lakini usidhani nimesahau. Usije hapa uniombe msamaha halafu upande gari urudi umepona. Nani mwingine anajua?"

Hakuna, nikasema.

"Na yule mtoto? Ule mwaka wa mazishi ya Mzee Ogola alikataa mkono wangu. Niliinyoosha, akaangalia kando."

Nikamwambia kuhusu safari yako, kuhusu resini inayoachilia, kuhusu insha. Nilipomweleza jinsi kitambaa kilivyotoka kizima aliacha kuwa mkali kidogo. Akaniuliza moto kiasi gani, siki kali kiasi gani, na kama dawa hiyo nayo inapimwa mbili kwa moja. Nilijibu nilichojua. Halafu akasema, "Basi huyo ndiye anaenda kuchanganya. Mwambie yeye. Kabla hajaenda, si baada. Ajue fundi mzuri anakosea vipi. Akidhani ni wazembe tu hukosea, siku yake ikifika hataiona."

Hayo ndiyo maneno yake, na sina bora kuliko hayo. Mimi sikuwa mzembe, mwanangu. Nilikuwa hodari, nilikuwa na mkono uliozoea, na nilikuwa na neno ambalo halikuwa sahihi. Huko unakoenda utakuwa hodari upesi, nakujua. Watakuletea kitu kipya, nacho kitafanana na cha zamani, na mkono wako utataka kukifanyia ulichozoea. Akitokea mtu kimya amekunja kikaratasi vizuri anataka kukusomea, mwache asome mpaka mwisho.

Kuhusu insha, siwezi kukuambia uifanye nini. Huenda wakishajua ukweli wasiione nzuri tena. Huenda wakauliza maswali. Nimelala nikiliwaza hilo siku nne, nafasi yako kuharibika kwa sababu yangu, na nilikuwa karibu kunyamaza tena. Lakini ukisoma vile ulivyoandika, utakuwa umesimama mbele ya watu unalitia jina la Okech uchafu wangu, na safari hii kwa lugha ambayo yeye hawezi hata kujibu. Jina utakalotaja, ukitaja, ni langu. Nakuruhusu, na nimekupa maneno yote hapa.

Upande wangu, Jumapili ijayo kamati ya ufuo inakutana na nimeomba nafasi ya kusema. Philista nilimwendea jana baada ya ibada. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Sijui maana yake. Wateja wengine wataniacha, waniache tu. Cherehani bado ninayo.

Nilifikiri kuiweka barua hii ndani ya sanduku, chini ya sweta za Risper, uikute ukiwa mbali. Hivyo ndivyo mama wengi hufanya, na ni rahisi, maana hasira yako ingeishia huko huko ng'ambo. Nimekataa. Nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujavua viatu, nami nitavuta kiti nikae nawe mpaka umalize. Nakupenda kuliko uwezo wangu wa kusema. Ninaogopa uso wako sasa kuliko nilivyoogopa kamati nzima.

Aliyechanganya ni mimi.

Umefika mwisho. Inua macho, nyara, binti yangu, unitazame. Sitainuka hapa nilipo.

Mama yako